Mama Ngalula Hakuuza Shamba la Frezi

Jumamosi ninapanda lori la Sandoa pamoja na watoto watatu, magodoro mawili na sufuria zangu. Mume wangu amepata darasa la kufundisha kule, na kule ni joto. Frezi haikubali joto. Kwa hiyo kazi yangu imekwisha. Najua mnacheka mkisikia mwanamke wa miaka ishirini na tisa anasema amestaafu. Chekeni. Misimu kumi na moja nimepiga magoti kwenye matuta ya frezi, tunda ambalo wengine wanaliita stroberi, na magoti haya hayajui cheti changu cha kuzaliwa kinasema nini.

Ninawaandikia ninyi wasichana wanne mliokuja misimu hii miwili ya mwisho. Sitawaambia nililipwa nini, wala siku gani niliambiwa nisimamie wachumaji. Mambo hayo hayaozi. Nitaandika yale yanayooza ukikosea, yaani kazi yenyewe.

Na nitaandika neno moja zaidi. Wiki iliyopita nilimsikia mmoja wenu nyuma ya pipa la maji akimwambia mwenzake juu ya mama mwenye shamba letu: "Huyu Mama Ngalula, si yeye njo aliuzishaka shamba ya kwanza kwa bachimbaji? Akakula pekee yake, banamuke bengine bakabakia mikono mitupu." Nilikuwa nimebeba bidoni, dumu la maji. Nililitua kwa kishindo, maji yakanimwagikia miguuni, na sikusema kitu. Mimi, ambaye mnaniogopa kwa mdomo wangu. Leo ninasema. Jinsi shamba lile lilivyopotea ninaijua kuliko mtu yeyote Kolwezi nzima, na nitafika huko.

Sifiki sasa hivi kwa sababu Mama Ngalula amenikataza. Nilipomwambia ninaandika, aliuliza nitaanza wapi. Nikasema kwenye shamba. Akasema: "Apana. Anza na kazi. Bakichoka kusoma mu katikati, angalau bakuwe na kitu ya kubasaidia." Basi, someni kazi.

Nilifika kwake nikiwa na diploma ya sekondari ndani ya mfuko wa plastiki na mikono iliyopasuka. Mikono ilipasuka kwa sababu tangu miaka yangu ya shule nilikuwa naosha mawe mtoni. Mnaijua kazi hiyo, dada zenu wako huko hata leo: wanaume wanaleta magunia ya udongo wenye shaba na kobalti, wanawake wanasimama majini mpaka magotini, wanatikisa chujio mpaka matope yaondoke na jiwe libaki. Diploma haikunitoa mtoni. Mama Ngalula alinitoa. Alikuwa amekuja kuomba magunia yaliyotoboka, ya kufunikia matuta, akaniona natikisa chujio, akaniuliza kama naweza kuamka saa kumi na moja. Nikasema naweza. "Basi kuya kesho." Sikujua hata shamba ni la nini.

Wakati ule alikuwa na miaka hamsini na kitu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, na yeye akazaliwa hapa hapa, katika nyumba za wafanyakazi. Frezi alijifunza akiwa msichana, katika bustani ya masista, ambapo alitumwa kufagia majani na akabaki kwa sababu sista mzee alimwona anafagia bila kugusa mimea. Alipoolewa, masista walimpa miche sita. Shamba lote la bondeni, nyuma ya njia ya reli, lilitoka katika miche ile sita. Mwenye kijiji alimwachia mahali pale kwa mdomo tu, kwa sababu hakuna aliyepataka: udongo mweusi, maji karibu, baridi ya kuuma mwezi wa sita na wa saba. Baridi ile ile ndiyo frezi inaitafuta.

Siku yangu ya kwanza nilichuma trei tano. Akaniambia nizipeleke kwenye kivuli, akaenda kuongea na fundi wa bomba. Mimi nikaziangalia trei. Zilikuwa na vumbi. Mnajua Kolwezi: malori ya shaba yanapita tangu asubuhi, na kila kitu kina vumbi, mkate, Biblia, kichwa cha mtoto. Mama mwenye akili hapa anaosha kitu kabla hajakigusa. Na mimi mikono yangu ilijua kuosha kuliko kuandika. Nikachota maji, nikamwaga trei zote tano kwenye beseni, nikatikisa vizuri kama natikisa mawe. Zilimeremeta. Nilizipanga upya, nikakaa kando nikingoja kusifiwa.

Mama Ngalula aliporudi alisimama kwanza.

"Umefanya nini?"

"Nimeziosha, Mama. Zilikuwa na vumbi."

Aliangalia trei, akaangalia mikono yangu. "Weye ulitoka ku mawe."

"Ndiyo, Mama."

"Jiwe ukilioshaka linapata bei. Frezi ukiioshaka inakufa. Ikala hapa, uangalie."

Alinikalisha kwenye kigoda mbele ya zile trei siku mbili. Sikuchuma, sikumwagilia, niliangalia tu. Kila alipopita aliuliza, bila hasira, kama daktari: "Sasa iko namna gani?" Jioni ile nilijibu, "Inalia maji, Mama." Kesho yake asubuhi, "Imelegea." Mchana, "Imeota ndevu za kijivu." Akasema, "Muzuri. Hautasahau." Sijasahau. Na jambo lingine sijalisahau: trei zile zilikuwa za hoteli. Alitembea mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, mimi nyuma yake nikitaka ardhi inimeze, na mpishi alipouliza mzigo uko wapi, alijibu kama anamjibu baba yake, "Leo hakuna, Tata. Ni kosa yangu." Hakunitazama hata.

Kwa hiyo, vumbi. Frezi haioshwi shambani, inaoshwa na anayeila, dakika ile anapoila. Vumbi unalizuia kabla. Ndiyo maana tuna ukuta wa matete upande wa barabara, na ndiyo maana mnamwagilia njia jioni hata kama miguu inauma. Mnachuma wakati umande ungali chini na malori hayajaanza, na trei inafunikwa kitambaa saa ile ile. Hamvuti tunda. Mnakata kikonyo kwa ukucha wa kidole gumba, na kidole kisiguse nyama ya tunda. Mama Ngalula alikuwa anatukagua kucha kila Jumatatu kama mwalimu wa shule ya msingi. Kama ulikuwa na rangi ya kucha, aliichukua kwa kazi nyingine: alipaka vijiwe rangi nyekundu, akavitandaza kwenye matuta wiki mbili kabla tunda halijaiva. Ndege wanakuja, wanagonga jiwe, wanaumia mdomo, wanawaambia wenzao. Tunda likiiva kweli hawaamini tena. Mzungu mmoja aliyekuja kununua aliokota kijiwe kimoja, akakitia mfukoni, akaniuliza kwa sauti ya chini ni madini gani. Nilimwambia ni kobalti nyekundu, adimu sana. Mungu anisamehe.

Kamba zile ambazo mmea unatoa kutafuta pa kuotea, msiziachie kama mnavyoziachia sasa. Kila mmea mama uachiwe watoto watatu, basi. Nyingine kateni. "Mama wa batoto kumi hana nguvu ya kupika," alisema Mama Ngalula, na mimi mwenye watatu naamini. Miche mipya inapandwa mvua inapoelekea kwisha, na maua ya kwanza yanaondolewa yote, hata kama roho inauma. Chini ya tunda pawe na nyasi kavu, si majani ya muhindi, majani ya muhindi yanaficha konokono.

Halafu biashara. Wauzaji wote wa soko la Kolwezi wanapanga nzuri juu na mbovu chini. Mnajua na mimi najua. Mama Ngalula alipanga kinyume, na bado anapanga kinyume: zilizo bora kabisa zinalala chini ya kikapu. Mara ya kwanza niliona ni upumbavu, nikamwambia.

"Mama, mununuzi anaangaliaka juu."

"Anaangaliaka juu akinunua," alijibu. "Lakini akifika nyumbani anakulaka kutoka juu kwenda chini. Ya mwisho njo ile atakumbuka."

Mpishi wa hoteli, Tata Mbuyi, alikuwa mtu mgumu, amekwisha kudanganywa na kila mwanamke mwenye kikapu. Wiki ya kwanza nilipopeleka peke yangu, aligeuza kikapu chote juu ya meza ya chuma, kwa nguvu, ili anione uso nikikamatwa. Zikatoka zile za chini, kubwa, nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Akazirudisha kikapuni moja moja. Halafu akasema, "Ambia mama yako mi sitageuza tena." Hakugeuza tena. Mnaona kikapu chetu kinapita getini bila kufunuliwa? Mnafikiri ni sura zenu nzuri?

Nami nililetea shamba wazo langu moja, la Fungurume. Nilisema kule kuna wachimbaji na madereva wa malori wenye kiu, tuwapelekee. Mama Ngalula hakupinga, akanipa trei nane. Nilikaa kwenye foleni ya malori karibu na Tenke tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, trei magotini, na nilipofika Fungurume nilikuwa na uji. Dereva mmoja alininunulia uji wote kwa huruma, akaunywa kwa mkate, akasema ni mtamu kuliko soda. Tangu siku ile tunapika konfitiri, jamu ya zile laini, na konfitiri ndiyo inakwenda Fungurume. Kwa hiyo kosa langu lile limewalisha. Si makosa yote yanalisha.

Sasa nimefika.

Pembeni mwa shamba la kwanza, juu kidogo, palikuwa na kipande kitupu, kama paa mbili za nyumba, ambapo hata nyasi hazikutaka kuota. Kila asubuhi kabla hatujaanza, Mama Ngalula alikwenda pale peke yake na jembe dogo, anainama, anarudi. Sisi wanawake watano tuliokuwapo tuliamini anasali. Tulipunguza hata sauti. Hakuwa anasali, nilikuja kujua baadaye. Alikuwa anang'oa maua ya shaba.

Ninyi mliokulia mjini labda hamyajui. Ni ua dogo, rangi kati ya buluu na zambarau, linaota mahali ambapo udongo una shaba nyingi mpaka mimea mingine inakufa. Mchimbaji akiliona halali. Analifuata kama nzi anavyofuata harufu. Mimi niliosha mawe miaka mingi, lakini mawe yalinifikia ndani ya magunia. Maua waliyajua wachimbaji waliokwenda kuyatafuta. Mama Ngalula aliyajua tangu kwa baba yake. Hakutuambia, kwa sababu siri ya wanawake watano ni tangazo la soko, na alikuwa na haki kufikiri hivyo. Msimu baada ya msimu aliling'oa kila ua kabla halijafunguka, akalifukia, akarudi kutufundisha kukata kamba.

Katika msimu wangu wa sita, mtoto wangu wa kwanza, Gloire, aliugua. Alikuwa na miaka mitatu. Malaria ilipanda kichwani, wiki tatu alilala hopitali, na mimi nilikuwa nakwenda shambani asubuhi na kurudi kitandani kwake mchana. Sitaandika zaidi, mwenye mtoto anajua. Wiki ya tatu Mama Ngalula naye alikwenda Likasi kwa kilio, msiba wa dada yake. Siku nane hakuna aliyekwenda kwenye kile kipande kitupu.

Gloire alitoka hopitali Jumatano, kwa miguu yake. Alhamisi nilifika shambani kabla ya wote. Maua yalikuwa yamefunguka, mengi, yanapepea kwenye udongo mtupu, na mimi sikuwa nimewahi kuyaona hapo. Nilifikiri Mungu ameyaweka kwa ajili yangu. Nilichuma mafungu, nikapamba vikapu vyote sita vya siku ile, shada dogo kwenye kila mpini. Vilipendeza sana, nisiwadanganye.

Kwenye mlango wa lile duka kubwa wanakonunua wahandisi, mtu mmoja mwenye koti la ngozi alinisimamisha. Nilimjua kwa sura, mnunuzi wa mawe. Alitabasamu.

"Mama, maua muzuri hii inatokaka wapi?"

Nami, mpumbavu mwenye diploma, nilijibu kwa fahari. Nilimwambia njia ya reli, nikamwambia bondeni, nikamwambia upande wa juu, pale pasipoota kitu. Nilimwambia hata jina la Mama Ngalula. Alininunulia vikapu viwili, akaniambia Mungu anibariki.

Jumatatu walikuja vijana na nondo, wakatoboa kile kipande, wakanusa udongo. Ijumaa mwenye kijiji alikuja na yule mwenye koti la ngozi, wote wawili viatu vimepigwa rangi, na mwenye kijiji akasema mahali pale alipaachia kwa kilimo tu, na sasa si kilimo tena. Mdomo ulitoa, mdomo ukachukua. Mama Ngalula hakuwa na karatasi. Mtu hawezi kuuza kitu kisicho chake, wasichana. Fikirini hilo kabla hamjasimama nyuma ya mapipa.

Ilikuwa katikati ya mavuno. Wachimbaji, kama ishirini, walikuja na chepeo za kuchimbia siku ile ile. Mkubwa wao, kijana mwenye taa ya kichwani mchana kweupe, alisimama kwenye ukingo wa matuta na kucheka.

"Mama, frezi hii inakulaka nani? Mutu mweusi anakulaka frezi?"

Mama Ngalula alikuwa anamwagilia. Hakuacha kumwagilia. "Na kobalti," aliuliza, "ku kwenu munaipikaka na sombe?"

Wenzake, ambao kila siku wanakula sombe, mboga ya majani ya muhogo, walimcheka mpaka akavua ile taa. Ndipo Mama Ngalula akaweka chini bidoni, akachuma frezi, akampa yule mkubwa moja, akampa kila mmoja moja, ishirini nzima, kwa mkono wake. Walikula. Vijana hawa walitoka Kasai, Kivu, sijui wapi, wengine hawajawahi kupewa kitu na mama yeyote tangu waondoke kwao. Kisha akawaambia, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi: "Mwenye kijiji na boss yenu njo bamechukua udongo. Mi ninataka tu mimea yangu. Munipe siku saba."

"Siku saba mingi, Mama," mkubwa alisema. "Boss atakuya."

"Basi munisaidie, tutamaliza na tatu."

Nilikuwa nimesimama pale na najua kila kitu. Tangu nilipomwona yule mwenye koti la ngozi nilijua ni kinywa changu. Nilifikiri atapiga kelele, atawalaani, kwa maana mimi ningewalaani mpaka vizazi vyao. Yeye aliwapa vijana wale mafunzo! Aliwaonyesha jinsi ya kuingiza chepeo mbali na shina, kuinua udongo wote kama unainua mtoto aliyelala, kuuweka ndani ya gunia la mawe lililokunjwa. Kuhamisha frezi katikati ya matunda ni kuiua, kila mkulima atawaambia. Alikata matunda yote, mabichi na mabivu, akakata nusu ya majani, akamwagilia kila gunia asubuhi, mchana na jioni. Siku tatu wachimbaji ishirini wenye nguvu za kupasua mwamba walibeba mimea kwenye mabega mpaka huku tuliko leo, wakipiga kelele, "Polepole! Usitikise, Mama ataona!" Nusu ya mimea ilikufa. Nusu iliishi. Kila mche mnaoushika leo umetoka kwenye nusu ile.

Na hapo ndipo uongo wenu ulipozaliwa. Watu wa jirani waliona wachimbaji wanacheka na Mama Ngalula, wanambebea magunia, mkubwa wao anamshika mkono kwa heshima siku ya mwisho. Wakasema: wameelewana, ameuza. Neno lilifika kanisani. Wanawake wawili kati ya wale watano waliacha kazi na kumtemea mate njiani. Kikundi cha akina mama kanisani kilimwondoa kwenye kazi ya kutunza funguo, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, bila kumwuliza hata swali. Alirudisha funguo zimefungwa kwenye leso safi.

Mimi nilinyamaza. Misimu mitano. Wa kwanza nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Wa pili nilinyamaza kwa aibu ya kuwa nilinyamaza wa kwanza. Hiyo mingine ilijifuata yenyewe. Nilikuwa nagombana na kila mtu aliyemsema, mnanijua, niliwahi kumrushia mwanamke mmoja ndoo ya mbolea. Lakini kugombana si kusema ukweli. Ni rahisi zaidi, na mtu anaonekana shujaa.

Basi huu hapa. Mama Ngalula hakuuza shamba. Mimi, Mama Gloire, nilichuma maua, niliyafunga kwenye vikapu, na nilimwelekeza mtu njia. Leteni mate yenu huku.

Jana nilimsomea haya yote, toka mwanzo. Alikuwa amepiga magoti anakata kamba, hakuinua kichwa. Kwenye majani ya muhindi alinisahihisha, akasema si konokono tu, na panya pia. Nilipofika kwenye maua nilikunja karatasi. Akasema, "Soma." Nikasoma mpaka neno la mwisho. Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata makofi.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona wapi, Mama?"

"Ile asubui. Nilikuwa natoka ku kilio, mutuka ya Likasi ilinishusha pa reli. Nilifika pa matete nikakuona unachuma. Nilifungua kinywa nikuite."

Sikuelewa. Nilihisi hasira inapanda, hasira ya kipumbavu, kwa yeye. "Sasa juu ya nini haukuniita? Mama! Ungeniita tu!"

"Ulikuwa unaimba."

Alikata kamba moja, akaitupa pembeni, akashika nyingine.

"Wiki tatu haukusema hata muzuri hata mubaya. Ulikuwa unachuma kama mutu amekufa. Siku ile unaimba, sauti yote, mpaka ndege banaruka. Nikasema, acha. Kikapo sita, siku moja, nani ataona? Ile inabakia nitang'oa kesho." Akapangusa mkasi kwenye kitenge. "Basi hata mi nilikosea. Andika na ile. Andika: Mama Ngalula aliona, akanyamaza."

Nimeandika. Mkitaka kumsengenya, msengenyeni kwa hilo.